Chumvi Chini ya Mnara

Kwanza niwaambie ukweli msije mkapoteza muda wenu: kazi yangu ilikuwa kukwangua kutu. Sikusanifu mnara wala daraja lolote. Nilikuwa mtu wa brashi ya waya, nyundo ndogo, tambara na kopo la rangi, na nilipostaafu mkono wangu wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, jambo ambalo mshonaji wangu analilalamikia mpaka leo. Ninyi vijana wa chuo cha ufundi mnaokuja huku Murukulazo wakati wa likizo mnanikuta kwenye migomba, mkadhani nilizaliwa na jembe mkononi. Shikamoo zenu nimezisikia. Marahaba. Sasa wekeni simu mfukoni, maana juzi nilimsikia mmoja wenu akisema chuma ni chuma tu, na neno hilo limeninyima raha.

Mimi nakiheshimu chuma. Kinabeba mzigo mchana na usiku bila kunung'unika, kinapinda kidogo upepo ukija na kurudi mahali pake. Lakini kina ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe hauna kelele. Kikiwa kwenye hewa kavu kinakaa miaka na miaka. Vikikutana maji na hewa juu yake, kutu inaanza. Ukiongeza chumvi, basi umeipa kutu chakula na kitanda, maana chumvi inavuta unyevu na haiachi chuma kikauke hata kiangazi.

Na kutu ina hila moja ambayo lazima muijue. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi huvimba kama ngozi iliyorukiwa na mafuta ya moto, na mabamba mawili yaliyobanwa pamoja husukumana mpaka bolti ikakatika yenyewe. Nguzo iliyoliwa, ikiwa bado imevaa magamba yake, huonekana nene kuliko ilivyokuwa mpya. Mpita njia anaisifu kuwa imara. Ukiyabandua yale magamba ndipo unapokuta kilichobaki ndani ni chembamba kama kifuniko cha kopo.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Sospeter, Mzinza wa Biharamulo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuja Ngara na mashine yake ya kuchomelea miaka ile ya wakimbizi, vilima vyetu vilipogeuka bluu kwa maturubai na barabara ya Rusumo ikajaa malori ya chakula. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nimekwenda kambini kuomba kazi ya jikoni. Jikoni kulikuwa kumejaa. Fundi akanikuta nimesimama pale sijui pa kwenda, akanitazama mikono, akaniuliza kama naweza kusugua sufuria lililoungulia. Nikamwambia kwetu tulikuwa wengi na sufuria ni moja, kwa hiyo hilo ndilo nililosomea. Akacheka, akanipa brashi ya waya.

Siku ya kwanza nilisugua bomba hadi likang'aa, nikajiona nimemaliza. Yeye akapitisha ukucha kwenye kona ya kiungo, ukatoka na unga mwekundu. Hakugomba.

"Aderina," akasema, maana herufi l ilikuwa inamkimbia ulimini, "kutu ni kama panya. Katikati ya ukuta hutamkuta. Mtafute konani."

Tangu hapo nikawa mtu wa kona. Mnapokagua chuma, msianze pale macho yanapopenda. Anzeni chini, mahali nguzo inapoingia kwenye zege au ardhini. Kisha viungo, chini ya vichwa vya bolti, ndani ya pembe zinazokusanya majani na mavi ya ndege, na kila mahali maji ya mvua yanapoweza kukaa kama kwenye bakuli. Fundi alikuwa akikuta pembe ya namna hiyo anatoboa tundu dogo maji yatoke. Watu walishangaa fundi gani anatoboa kazi nzima, naye alikuwa anawaambia kwamba tundu la kidole ni bora kuliko bwawa.

Halafu kuna nyundo. Siku hizi kuna kifaa unachokibandika kwenye chuma kikakuambia unene wake kwa namba, nami nilipokiona mara ya kwanza kule Rusumo nilitamani kukibusu. Sina wivu na mashine. Lakini zamani zile tulikuwa na nyundo na masikio. Unagonga polepole kutoka juu kwenda chini. Chuma kizima kinaitika, sauti inakwenda mbali. Chuma kilicholiwa kinajibu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Fundi alikuwa hataki mtu aongee akigonga, hata awe bwana mkubwa gani.

Mabwana wakubwa, nao! Kuna wakati tuliambiwa wageni wanakuja kukagua, kwa hiyo vyuma vyote vipakwe rangi kabla hawajafika. Fundi akaeleza kuwa vingine vina kutu na vinahitaji kukwanguliwa kwanza, tena asubuhi vina umande. Msimamizi akasema wageni hawatakuja na brashi. Tukapaka. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, wakaondoka. Mvua za kwanza zilipokuja rangi ile ikabanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali, na chini yake kutu ilikuwa imenenepa, imekaa joto ndani ya blanketi tuliloifunikia. Nilikwangua vile vyuma upya kwa hasira, na nawaambia hasira haifai kwa kazi ya brashi, inakuchubua vidole.

Sasa nije kwenye mnara.

Katika sehemu yetu ya kambi maji yalipandishwa kwa pampu kutoka bondeni hadi kwenye tangi kubwa juu ya mnara wa nguzo nne za chuma. Mabomba ya kuchotea yalikuwa palepale miguuni pa mnara. Kuanzia alfajiri foleni ilizunguka nguzo zile, akina mama na watoto na madumu ya njano, watu wengine wamekaa wameegemea nguzo kabisa. Chuma chenyewe hakikuwa kipya. Kilikuwa kimetoka kwenye kinu cha pamba kilichobomolewa, kikaja kimechoka tayari, kikapigwa rangi na kusimamishwa haraka kwa sababu watu walikuwa wanakunywa maji ya kinamasi na kuumwa.

Mlinzi wa mnara alikuwa Mzee Gervasi, Mrundi aliyekimbia na binti yake na wajukuu. Kwao alikuwa mjenzi wa nyumba, na huyu mtu alikuwa nadhifu, wanangu, nadhifu mpaka unaona aibu. Alifagia chini ya mnara kila asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, lakini Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo mimi na yeye tuliongea bila shida, na wengine wakitaka kuongea naye walipitia kwangu.

Miguu ya mnara ilimpendeza kila mtu. Mzee Gervasi alikuwa amejaza udongo kuzunguka kila nguzo, akaushindilia kwa mti, akausiriba ukawa laini kama uso wa chungu, umeinama vizuri ili mvua iteleze. Hakuna jani lililoota pale wala mchwa aliyesogea. Msimamizi aliyapenda mambo yale akawaita walinzi wa minara mingine waje waone, na Mzee Gervasi akawafundisha kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nilipita pale nikamsifu. Fundi Sospeter miezi ile hakuwepo, alikuwa Biharamulo akishughulikia paa la hospitali.

Aliporudi tulianza kukagua upya sehemu zote. Tulifika kwenye mnara wa Mzee Gervasi foleni ikiwa ndefu. Fundi akamwamkia, wakasalimiana vizuri, kisha akaanza kugonga nguzo ya kwanza kutoka usawa wa kichwa chake kushuka. Ikaitika. Ya pili ikaitika. Ya tatu, ile iliyokuwa upande wa bomba la tangi lililokuwa likidondosha matone, iliitika juu, na ilipokaribia kile kichuguu cha udongo ikanyamaza. Akagonga tena. Nilikuwa nimemzoea vya kutosha kujua uso wake, na uso ule sikuupenda.

Akaniambia nifukue. Nikafukua kwa mwiko, udongo ukiwa na unyevu ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Kutu ilitoka kwa magamba makubwa, moja juu ya jingine kama kurasa. Nikaendelea kuyabandua nikingoja kukutana na chuma, na chuma hakikuja. Mwisho mwiko ukapita upande wa pili. Kilichobaki kwenye mguu ule kilikuwa upande mmoja tu wa ile pembe ya chuma iliyokuwa nguzo, nao una matundu.

Juu yetu lilikuwapo tangi limejaa. Mama mmoja alikuwa amemweka mtoto wake nyuma ya nguzo hiyohiyo apate kivuli.

Fundi akachukua udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi, akatema.

"Chumvi," akasema.

Injinia wa maji aliitwa akaja mbio. Alikuwa kijana wa Kitanzania aliyesoma vizuri, mwenye tabia ya kuvua miwani akitaka kufikiri, na mimi siku ile nilimheshimu kwa dhati. Maana kulikuwa na njia mbili mbaya. Kuliacha tangi limejaa, mnara ungeweza kuangukia foleni wakati wowote. Kulifunga kabisa, watu wangeshuka kinamasini jioni ileile, na kipindupindu tulikuwa tumeshakijua. Akavua miwani, akasimama. Kisha akaagiza tangi lishushwe maji polepole, na wakati huohuo pampu isukume maji moja kwa moja hadi kwenye mabomba mapya yaliyovutwa mbali na mnara. Yatatoka kidogo kidogo, akasema, foleni itakuwa ya kuchosha, lakini hakuna atakayelala na kiu wala kufunikwa na chuma. Akina mama walisogeza madumu yao wenyewe, wakabebana na watoto, bila kusukumana.

Lakini hata tangi tupu ni zito, na ili kukata mguu mbovu na kuunga mpya, lazima mzigo ubebwe na kitu kingine. Jeki tulizokuwa nazo zilikuwa za magari, fupi. Injinia akasema labda mirunda ya miti, kama yupo mtu anayejua kuisimamisha.

Mzee Gervasi akasogea. Alikuwa amesimama pembeni muda wote bila neno, na mimi nikadhani ni hofu ya mnara tu. Akaniambia nimwambie Injinia kwamba amebeba mapaa maisha yake yote wakati kuta zikibadilishwa chini yake. Nikatafsiri. Injinia akamtazama mikono, kama vile Fundi alivyonitazama mimi, akasema aanze.

Natamani mngemwona. Alichagua mikaratusi kwa kuigonga na kuikunja kidogo begani, akakataa mingi iliyoonekana mizuri machoni mwangu. Akalaza mbao pana chini ili mti usizame udongoni. Akasimamisha mirunda miwili kila upande wa ule mguu, chini ya kiungo chenye nguvu, na kila mmoja akauwekea kabari mbili za mti mgumu zinazotazamana, ukigonga hii na ile mrunda unapanda unywele mmoja. Alikuwa anagonga, anaweka kiganja kwenye mti, anasikiliza kwa kiganja. Fundi Sospeter alikuwa nyuma yake akimpa kila alichonyooshea mkono, fundi mkubwa amegeuka msaidizi, wala hakuona shida. Waliongea kwa vidole na vichwa. Sikutafsiri chochote.

Wakati huo kule kwenye foleni habari ya chumvi ilikuwa imeshafika. Mnaijua kambi ilivyo: watu waliokimbia mauaji hawaamini kirahisi. Wengine walisema ni adui aliyeingia kwa siri kuangusha mnara. Askari wa kambi walikuja wawili wakasimama karibu, wakimuuliza kila mtu nani alionekana na chumvi. Yeyote aliyetajwa siku ile asingelala kwake, na wala sina hakika angefika huko alikopelekwa salama. Niliona hivyo, na nadhani kila mtu pale aliona hivyo.

Sisi tukaendelea. Fundi akagonga tena mguu kutoka juu na kuweka alama ya chaki pale sauti ilipokuwa safi, kisha akasogeza alama juu zaidi, kiganja kizima. Kumbukeni hilo. Msiunge chuma kipya kwenye ukingo wa ugonjwa. Kateni mpaka mfike kwenye uzima na mwongeze. Akakata kwa msumeno wa mkono maana hakutaka kutikisa, mimi nikasugua ncha mpaka ikameta kama kijiko kipya, kwa sababu ukichomelea juu ya kutu, kiungo kinajaa matundu kama mkate na hakina nguvu. Kwenye kazi ile nilisugua kuliko nilivyowahi kusugua. Kipande kipya kikaingia, bamba la chini likafungwa kwenye zege ile ya zamani tuliyoifukua ikatokeza juu ya udongo, moto wa kuchomelea ukawaka, kisha tukaacha kipoe chenyewe bila kukimwagia maji.

Ikabaki kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kulegeza kabari ili mguu mpya upokee mzigo. Injinia alitaka kwenda yeye. Mzee Gervasi akamzuia kwa mkono kifuani, kwa adabu, akaingia chini ya mnara na nyundo yake ya mti. Akagonga kabari ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo. Akaweka kiganja kwenye mrunda, akangoja. Mnara ukatoa mlio mmoja wa chini. Akagonga tena. Mwisho akazichomoa kabari kwa vidole, zimelegea, akatoka nazo mkononi, na watu waliokuwa mbali kule wakaanza kupiga vigelegele. Tangi likajazwa robo, kisha nusu, Fundi akigonga kila mara na mguu ukiitika. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Watu walipokuwa bado wanashangilia, Mzee Gervasi alikuja nilipokuwa nimesimama na Injinia na Fundi na wale askari wawili. Akaniambia kwa Kirundi maneno machache, akanitaka niyatafsiri. Nikaanza kusema kwamba mzee anadhani, labda, huenda udongo ulitoka mahali penye chumvi. Nilisahau kwamba Kiswahili anakisikia.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, "sema kama nilivyosema."

Nikasema kama alivyosema. Kwamba chumvi ameiweka yeye. Aliomba takataka za kufagia kutoka ghala la chakula, pale magunia ya chumvi yalipokuwa yakipasuka, akaichanganya na majivu na udongo. Kwao nguzo ya nyumba hufanyiwa hivyo, mchwa hawagusi na majani hayaoti, na nyumba aliyoijenga baba yake kwa namna hiyo aliiacha imesimama. Alidhani nguzo ni nguzo.

Askari mmoja akauliza, kupitia kwangu, kwa nini hakusema tangu asubuhi.

Mzee akamtazama bila hasira. "Mngenipeleka," akasema. "Mirunda angesimamisha nani?"

Nilitafsiri. Kisha akaongeza kwamba hakuja kujieleza kwa sababu yake mwenyewe. Amewafundisha wenzake. Minara mingine yote ina chumvi chini, na chini yake kuna watu wanachota maji sasa hivi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Angekaa kimya tu, asingejulikana. Mnara wake ulikuwa umepona, binti yake na wajukuu walikuwa na maji. Wale walinzi wengine wasingemtaja, walikuwa na hofu kama yeye. Alikuja mwenyewe mbele ya bunduki mbili na kuyasema, kwa ajili ya foleni za watu asiowajua.

Askari alimshika mkono wa shati. Fundi Sospeter akaja akasimama upande wa pili wa mzee, karibu kabisa, mabega yakigusana, kimo chake kile kifupi.

"Huyu namhitaji," akamwambia askari. "Minara mingine nayo itataka mirunda."

Injinia alikuwa ameshavua miwani. Hakufikiri kwa muda mrefu safari hii. Akawaambia askari kwamba kazi yote ya maji iko chini yake, na mtu huyu yuko kwenye kazi ya maji, akatuma watu wakimbie kuwaondoa wachotaji chini ya kila mnara. Akafungua mlango wa mbele wa gari, upande wa abiria, mahali alipokaa yeye siku zote, akamwonyesha Mzee Gervasi apande. Yeye akapanda nyuma na sisi, juu ya mirunda tuliyoipakia.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku ile, kwenye madaraja na mageti na matangi, Ngara na Biharamulo yote. Nimewaona wenye vyeti na wasio na vyeti wakificha ufa mdogo ili wasionekane wamekosea, wakaupaka rangi, nami nikaja kuukwangua nikiwa na waliobaki hai baada ya ajali. Kila mara namkumbuka mzee yule. Chuma kilichoanza kuliwa kinaweza kuponywa kikisemwa mapema. Kama mtasahau nyundo, chaki, umande na vyote nilivyowaambia leo, hilo moja msilisahau.

Kule kwenye mnara uliofuata tulikuta foleni imeshaondolewa. Mzee Gervasi alishuka, hakungoja mtu, akapiga magoti kwenye kichuguu kile kizuri cha udongo ambacho mkono wake mwenyewe ulikuwa umemfundisha mwenzake kukisiriba, akaanza kukifukua kwa kucha. Nikapiga magoti kando yake na mwiko wangu. Chuma kilipotokea, chekundu lakini kizima, bado kinene, alikishika kwa viganja vyote viwili akafumba macho. Alipoyafumbua aliniuliza, mzee mwenye mvi akimuuliza msichana wa kusugua, kwa sauti ya mtu anayeanza darasa la kwanza:

"Na kitu gani kingine chuma hakikipendi? Niambie vyote."